Sikudhani na kopo la kushoto

Jumatatu, saa tatu asubuhi, jua la Kibaha limeshachachamaa juu ya mabati ya karakana, na Sikudhani Mfaume ameketi pale anapoketi kila siku: meza ya dirishani, mgongo kwa mlango, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Mkononi ana ganda la risasi. Ni jipya, la manjano, linang'aa kama bangili ya harusini.

Analiinua kwenye mwanga na kuchungulia ndani kwa jicho moja. Anapitisha ukucha kwenye mdomo wake. Kisha analilaza juu ya kipande cha kioo na kulisukuma kwa kidole. Ganda linabiringika taratibu hadi ukingoni, naye analifuata kwa macho bila kupepesa.

"Hapana," anasema, na kulitupia kwenye kopo la kushoto.

Makopo ni mawili, yote yalikuwa ya maziwa ya unga. La kulia ni la maganda yaliyopita. La kushoto ni la yaliyokataliwa, na siku nyingi huwa na maganda ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Leo limekaribia kujaa. La kulia, ganda likidondoshwa ndani, linalia kama kopo tupu.

Mwandishi wa makala haya hakulijali hilo mwanzoni. Alikuja kuandika habari za mwanamke mwenye kazi isiyo ya kawaida, akidhani atamaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakujua kwamba ameingia katikati ya ugomvi wa mke na mume.

Karakana ni ya fundi Leodegar, mwenyeji wa Mahenge aliyehamia Kibaha akiwa kijana na sasa ana miaka 58. Kazi yake ni kukarabati bunduki za watu wenye leseni, na ana kibali cha kuwatengenezea risasi wale ambao bunduki zao ni za zamani mno hata risasi zake haziuzwi tena madukani.

Mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Ama aitundike bunduki yake ukutani iwe pambo, ama risasi zake ziundwe moja moja kwa mkono. Maganda matupu huagizwa nje. Yakifika, kabla hayajatiwa fataki ya kuwashia na baruti, lazima yapite kwenye meza ya Sikudhani.

Baruti yeye haigusi. Hiyo imo ndani ya kasha la chuma, ufunguo uko kiunoni kwa Leodegar, na polisi huja kukagua wanapojisikia. Sikudhani kazi yake ni ganda tu.

Lakini si mapya haya? Si yamepimwa huko kiwandani? Swali hilo linamchekesha mpaka anavua miwani.

"Mwanangu, weye ukinunua shati jipya unalivaa hivyo hivyo?" anauliza. "Si unaligeuza kwanza? Kifungo kimelegea, mshono umekwenda pembeni. Limeshonwa na mashine, sawa, lakini mashine nayo ina siku zake mbaya. Sasa shati likikuaibisha, unaaibika tu. Hili likikuaibisha, unazikwa."

Anaonyesha. Mdomo wa ganda hubonyea safarini, masanduku yakitupwa bandarini. Shingo inaweza kuwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine, na risasi ikatoka imepinda. Chini, katikati ya kitako, pana tundu dogo ambalo moto wa fataki hupitia kwenda kwenye baruti. Yeye analiita tundu la moto. Kiwandani wakilitoboa, mara nyingine hubaki ncha ya shaba imesimama kama mwiba, nayo hulazimika kuondolewa kwa keekee ndogo, kwa mkono, bila kulipanua tundu lenyewe.

Ganda likishinda mtihani huo, hulipaka mafuta kidogo na kulisukuma kwenye kalibu ya chuma ili shingo inyooke. Likitoka hulifuta, hulipima urefu, hulikata likizidi, kisha hulinoa mdomo ndani na nje. Mwisho huliweka kwenye mzani mdogo kama ule wa sonara. Yenye uzito unaofanana hukaa pamoja.

Ni kazi ya kukaa. Mgongo unauma, macho yanauma, na mshahara haufiki laki tatu kwa mwezi. Hata hivyo mshahara huo umeezeka nyumba ya Mlandizi na kumfikisha binti yao, Yasmin, chuo cha uuguzi. Sikudhani hapendi kuulizwa zaidi kuhusu pesa. "Zinatosha kutotosha," anasema, na kurudi kwenye kioo chake.

Alizaliwa Gwata miaka 51 iliyopita. Ujana wake aliumalizia kwenye meza ya kiwanda kidogo cha korosho, akitenga nzima, zilizopasuka na zenye madoa. Kiwanda kilipofungwa alirudi kulima, akawa anauza mihogo ya kuchemsha stendi ya Mlandizi. Hapo katikati aliolewa na Mwinyijuma Saburi, mtu wa Kisarawe, mwindaji mwenye leseni kutoka ukoo wa wasasi.

Mwinyijuma ana miaka 63 sasa. Bunduki yake, nzito kama mchi wa kutwangia, aliirithi kwa mjomba wake, akafuata taratibu zote za kumilikishwa. Ndiye mteja wa zamani kuliko wote wa Leodegar, na ni yeye aliyemleta Sikudhani hapa, bila kukusudia.

"Alimsindikiza mumewe kuchukua risasi," anakumbuka Leodegar. "Nikawachelewesha. Mama kwa kuchoka kungoja akawa anabiringisha maganda yangu mezani. Mara nasikia, 'Fundi, hili mbona linatikisa nyonga?' Nilicheka sana. Nikalipima, kumbe kweli limepinda. Nikamwambia Mzee Mwinyi, mkeo nampa kazi. Mzee akakataa. Mama akakubali."

Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Tangu hapo Leodegar hachungulii kopo la kulia. Analichukua, anatia fataki, anatia baruti.

Kuna mazoea mengine ambayo Sikudhani aliyaleta kutoka kwa mumewe. Nyumbani kwa Mwinyijuma, tangu enzi za mjomba, msasi haendi porini bila kuombana radhi na mkewe. Anasimama mlangoni anasema, "Niwie radhi." Mke anajibu, "Nimekuwia radhi, nami niwie." Na mpaka mume arudi, moto wa jikoni hauzimwi, wala mke hagombani na mtu.

Sikudhani ameihamishia desturi hiyo mezani. Akiwa amegombana na jirani, au ana kinyongo na mtu, hagusi ganda. Atafagia karakana, atapiga kioo dasta, lakini ganda hagusi. Mwanzoni vijana wa gereji jirani walimtania kwamba ni uvivu wa kisomi. Leodegar, Mkatoliki wa kila Jumapili, anasema hakuielewa desturi hiyo lakini aliiheshimu, kwa sababu mtu mwenye hasira haoni vizuri.

Leo amegusa maganda na kinyongo anacho. Ndiyo maana mkono wake unatupa tu kushoto.

Chanzo cha yote kiko kwenye mtoto wa meza. Leodegar anauvuta na kutoa ganda moja lililofungwa kwenye kitambaa. Lilitoka kwenye boksi jipya la Mwinyijuma miaka mitatu iliyopita. Kwa nje halina doa. Lakini ukilielekeza kwenye mwanga ukachungulia, huoni kitu. Kiwandani walisahau kulitoboa tundu la moto.

"Ungelitia fataki, ungelitia baruti, ungeliona risasi kamili," anasema Leodegar. "Ukivuta mtambo, fataki inalia 'ta', basi. Moto hauna pa kupita."

Sikudhani ndiye aliyeligundua. Hapendi kulitazama. Anageuza uso dirishani mpaka mtoto wa meza unaporudishwa.

"Watu walinipongeza," anasema. "Fundi akaninunulia soda. Miye nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikalia mpaka wali ukaungua. Maana lilikuwa la Baba Yasmin. Nilimwona kabisa, amesimama, bunduki imesema 'ta', na mbele yake kitu chenye pembe."

Tangu siku hiyo, kila boksi la mumewe likifika, picha hiyo humrudia. Lakini alikuwa akijikaza na kuyapitisha yaliyo mazima. Boksi hili la sasa ndilo lililomshinda, na sababu yake iko Kisarawe.

Katika kijiji kimoja upande wa Mzenga kuna nyati dume aliyenaswa kwenye mtego wa waya. Alivuta mpaka waya ukakatika, akaondoka na kidonda mguuni na hasira kwa kila kitu kinachotembea kwa miguu miwili. Amejificha kwenye kichaka kinachopakana na mashamba ya mihogo. Salama, mama wa watoto watatu, alikwenda kuchimba muhogo akarushwa juu ya tuta. Amevunjika mbavu.

"Mihogo yangu iko ardhini, miye niko kitandani, wanangu wanakula kwa majirani," anasema Salama kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvuta pumzi. "Tumeambiwa yuko mzee mwenye bunduki kubwa anakuja. Kila siku tunaambiwa anakuja."

Maofisa wanyamapori walishakwenda kumtafuta, nyati akawakwepa. Kichaka kile ni kinene, na mtu anayekijua ni Mwinyijuma, aliyekulia pale. Wakamwomba awaongoze, na bunduki yake aibebe. Akasema yuko tayari, risasi zikikamilika.

Risasi zinasubiri maganda. Maganda yako kwa mke wake. Kazi ya siku mbili imechukua wiki nzima.

Jua likiwa utosini, bodaboda inasimama nje. Mwinyijuma anateremka kwa awamu: kwanza fimbo, kisha mguu mzima, kisha mguu wenye goti bovu. Amevaa kofia ya kufuma na shati jeupe lililopigwa pasi na mtu anayempenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weye ndiye wa gazeti? Basi andika kwamba Mwinyijuma amefungwa na mkewe, na jela yake ni kopo la maziwa."

Anacheka peke yake. Anamsalimu Leodegar, anavuta kigoda, anakaa karibu na meza. Sikudhani hageuki.

Mwinyijuma anachukua kopo la kushoto. Anatoa ganda, analilaza kwenye kioo, analisukuma. Linakwenda moja kwa moja bila kuyumba. Anatoa jingine. Nalo linanyooka. Analiinua la tatu kwenye mwanga, tundu la moto linaonekana, duara safi.

"Hili lina nini, Mama Yasmin?" anauliza kwa upole.

"Shingo."

"Shingo ina nini?"

Sikudhani anaiweka keekee chini. "Weye uliza goti lako lina nini!" anasema, na sauti inampanda. "Juzi umeshindwa kuinuka kwenye mkeka wa swala mpaka nikakushika mkono. Nyati naye atakushika mkono?"

Kwenye gereji ya jirani mtu anagonga bati, naye kama aliyesikia, anaacha.

"Mama Yasmin," anasema Leodegar. "Haya ya kushoto ni mazima?"

"Mengine."

"Mengine machache, au mengine mengi?"

Machozi yamemtangulia Sikudhani.

Ilikuwa aibu kuwepo pale, na mwandishi huyu anakiri kwamba hakutoka. Leodegar hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mama, miaka yote hii nachukua kopo la kulia, natia baruti, sichungulii," anasema. "Nina wateja ambao usiku huu watalala porini na risasi zilizopita mkononi kwako. Sasa kama la kushoto siwezi kuliamini, hilo la kulia nitaliaminije?"

Hapo Sikudhani anashika kichwa. Baadaye, akiwa ametulia, ataeleza kwamba maneno hayo yalimkata kuliko yote, kwa sababu hakuwahi kuliwazia jambo hilo kwa upande huo.

"Sikupitisha bovu hata moja, Mungu ni shahidi," anasema. "Nilizuia mazima. Nikajiambia si dhambi, nachelewesha tu. Labda nyati atahama. Labda wale vijana wa wanyamapori watampata wenyewe. Nilikuwa nalishika ganda naona halina kosa, mkono unakataa. Na huyo mama aliyevunjika mbavu nilikuwa namjua, Baba Yasmin alishanihadithia. Nililala na habari yake nikaamka nayo, na bado nikatupa kushoto."

Leodegar anapendekeza lililo rahisi: boksi hili alikague yeye mwenyewe, Sikudhani apumzike. Mke na mume wanakataa kwa pamoja, na kukubaliana huko kunawashangaza wote wawili.

"Yakipita mkono mwingine sitapata usingizi," anasema Sikudhani.

"Na miye sitayabeba," anasema Mwinyijuma.

Lakini kuna desturi. Kinyongo kipo, na kwa kinyongo ganda haliguswi. Safari hii hakuna njia ya kuikwepa. Mwinyijuma anaivua kofia yake, anaiweka gotini. Maneno ambayo huyasema mlangoni kwake anayasema hapa, katikati ya vyuma na harufu ya mafuta.

"Mama Yasmin, niwie radhi."

Sikudhani anageuka kumtazama.

"Leo si zamu yako kuanza," anasema. "Miye ndiye niliyekosa. Nimekuzuia kazi, nimemdanganya Fundi, nimemwacha mama wa watu na njaa. Niwie radhi weye."

"Nimekuwia."

"Na yangu nakupa kwa sharti."

"Radhi haina sharti, mama."

"Hii inayo. Hutatangulia mbele ya wale vijana. Na ukirudi, bunduki unaikabidhi polisi."

Mwinyijuma anaigeuza kofia gotini. "Bunduki hii ni ya mjomba," anasema.

"Na weye ni wa nani?"

Leodegar anajifanya anatafuta kitu kabatini. Mzee anaivaa kofia yake, anaiweka sawa, anaivua tena.

"Haya," anasema. "Hii ya mwisho. Wallahi."

"Nimekuwia radhi, Baba Yasmin."

Sikudhani ananawa uso, ananawa mikono, anaikausha kidole kimoja kimoja. Kisha anayamwaga makopo yote mawili mezani, kila moja na rundo lake, na kuanza upya. Kioo, mwanga, ukucha, kalibu, mzani. Hafanyi haraka. Mumewe amekaa kando. Yale yaliyokuwa kushoto, Leodegar anayatia nukta ya rangi ya kucha kitakoni, ili kama kuna neno baadaye, ajue yalikotoka.

Kufikia alasiri kopo la kulia limejaa. La kushoto yamebaki matatu. Moja lina ufa mdogo shingoni, mawili yana midomo iliyoliwa upande.

Mwinyijuma hakuyatazama yale matatu. Alipoulizwa kwa nini asihakikishe, alimtazama mwandishi huyu kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linakwenda wapi.

"Si amekataa yeye?" alisema. "Basi."

Leodegar hachungulii kopo. Anafungua kasha la chuma.

Alhamisi Mwinyijuma anaondoka Mlandizi na maofisa wawili kwenye gari la serikali, kwa barabara ya vumbi inayokwenda Mzenga. Ijumaa baada ya swala, Sikudhani yuko nyumbani kwake, jikoni, mbele ya moto ambao haujazimika tangu jana. Hapiki kitu. Anasogeza kijinga kimoja, anatia kingine. Simu imelala juu ya kinu.

Jirani yake, Eugenia, mwalimu kutoka Kilosa, amekuja kukaa naye. Anasema kwao moto kama huo hakuna, lakini amekuja na kuni.

"Mtandao huko hakuna," anasema Sikudhani bila kuulizwa. "Usinitazame hivyo. Nakwambia mtandao hakuna."

Wakati wa alasiri gari linasikika. Yeye hainuki. Anasema baadaye kwamba alikuwa anasikiliza tu, milango ingapi inafunguka. Kisha anasikia fimbo ikigonga ardhi, na anatia kijinga kingine motoni.

Mwinyijuma ana matope mpaka kiunoni. Shavu limekwaruzwa na miiba. Anaingia jikoni na viatu vyake, jambo ambalo siku nyingine lingemtia matatani.

"Ameanguka," anasema.

Anasimulia akiwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nyati alikuwa amelala kwenye ukingo wa kichaka, upepo ukiwajia wao. Kama alivyoahidi, mzee alikaa nyuma ya maofisa. Risasi yake ya kwanza ikapata bega. Nyati hakuanguka. Aliinuka na kuja.

"Yule ofisa kijana, Hussen, alikuwa mbele, akajikwaa mzizi, bunduki ikamtoka," anasema. "Amemziba mwenzake, naye hawezi kupiga. Nikataka kusogea nipate nafasi. Goti likakataa kabisa. Nikakaa chini, hivi nilivyokaa hapa. Nikapiga nimekaa."

"Nyati alikuwa wapi?" anauliza Eugenia.

Mwinyijuma anaonyesha mlango wa jiko. Ni hatua chache mno. Sikudhani anafunika mdomo kwa upande wa khanga.

"Ikasema," anasema mzee. "Zote mbili zilisema."

Anatia mkono mfukoni. Kila anaporudi kutoka porini humpa mkewe maganda aliyopiga, yarudi karakana. Anayaweka mawili kwenye kiganja chake, meusi shingoni, bado yana harufu ya moshi.

"Moja kati ya haya lina nukta ya Fundi," anamwambia. "La kushoto. Unataka kujua ni la risasi gani?"

Sikudhani anafumba kiganja kabla ya kutazama.

"Usiniambie," anasema. "Ukiniambia nitalifunga kitambaa kama lile lingine, niwe nalitazama kila siku. Nenda kaoge, unanuka kichaka."

Kisha analia, na safari hii analia vizuri, kwa kwikwi, huku amemshika mumewe mkono wa shati lenye matope. Eugenia anaondoka kimya. Mwandishi huyu naye, kwa kuchelewa kidogo, anapata akili ya kumfuata.

Salama amepiga simu Jumapili. Bado hawezi kuinama, lakini wanawe walikwenda shamba na mjomba wao. "Jana nimekula muhogo wa shamba langu," anasema. "Mshukuruni huyo mzee." Alipoambiwa kwamba kuna na mama wa kushukuriwa, aliuliza, "Mke wake?" "Huyo basi ndiye. Mzee angekuwa mume wangu, nisingemruhusu."

Maneno hayo alipopelekewa Sikudhani, aliyataka mara ya pili.

Mwinyijuma ameanza taratibu za kuikabidhi bunduki. Anaisafisha kila asubuhi, ingawa haijapigwa tena, na mkewe hamsemeshi anapokuwa nayo. Wana ekari mbili za urithi upande wa Kisarawe. Mpango ni kupanda mikorosho msimu ujao. Mzee atasimamia, kwa maana ya kukaa kivulini na kutoa amri.

"Miye nina ombi moja tu," anasema Sikudhani. "Nataka nimwone anazeeka vibaya. Agombe kwa sababu ya chumvi, anisumbue na goti lake, asahau alipoweka miwani. Siombi jingine."

Na kazi? Mumewe akikabidhi bunduki, hofu imekwisha. Je, sasa atafanya kazi kwa raha?

Ni Jumatatu tena, jua liko juu ya mabati, makopo mawili ni matupu.

"Hapana," anasema. "Ndiyo kwanza imeanza. Miaka yote nilikuwa naogopa boksi moja tu, la Baba Yasmin. Mengine yote nayapitisha huku naimba. Sasa najiuliza, hayo mengine si nayo yana watu? Nilijifanya nina mume peke yangu dunia hii."

Leodegar anaingia na boksi jipya, anakata utepe, anaacha maganda yamiminike juu ya kitambaa. Ni ya bunduki kuukuu ya askari mmoja wa wanyamapori, Brighton, aliyepangiwa kazi huko kusini mwezi ujao.

Sikudhani analichukua la kwanza. Haliinui bado kwenye mwanga.

"Ana mke?" anauliza.

"Bado," anasema Leodegar. "Ana mama. Yuko Magindu."

Sikudhani anainuka, ananawa mikono kwa mara ya pili, na kurudi kukaa. Anaivuta miwani ipande juu ya pua, anakisogeza kioo karibu.